Nilivyoziunganisha mashine za kubangulia korosho na hesabu za ofisini

Nilipokabidhiwa kazi ya kuunganisha mashine za kiwanda chetu cha korosho hapa Mtwara na programu ya uhasibu, nilitarajia kwamba ugumu ungekuwa kwenye nyaya. Nyaya zilinichukua siku nne. Kukubaliana juu ya maana ya kila namba kulinichukua karibu msimu mzima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya nikiwa na daftari mkononi, nikizunguka kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine.

Mashine zetu zilinunuliwa kwa nyakati tofauti na kwa watengenezaji tofauti. Mzani wa mapokezi, unaopima magunia ya korosho ghafi yanayoletwa kutoka ghalani, hutoa uzito kwa kilo, ilhali mzani wa kufungashia ulikuwa ukitoa kwa ratili, au paundi kama wanavyosema wafungashaji, kwa sababu soko la korosho ndivyo linavyohesabu: daraja la W320 maana yake ni kwamba ratili moja ina korosho nzima zipatazo 300 hadi 320, na ubora wa korosho ghafi hutajwa kwa ratili zinazopatikana katika gunia la kilo 80. Binti wa takwimu alikuwa akinakili namba hizi kila jioni na kuzigeuza kwa kikokotoo. Siku aliposahau, boksi la kilo 22.68 liliingia vitabuni kama kilo 50.

Suala la vipimo lilikwisha haraka: tuliamua kwamba kila uzito uhifadhiwe kwa kilo, jina la kipimo liandikwe kando ya namba yenyewe, na ratili zibaki kwenye lebo za boksi na ankara za wateja. Kilichotusumbua zaidi ni saa. Mzee wa boila aliandika katika daftari lake "saa 2 asubuhi", skrini ya tanuri ikaonyesha 08:00, na mashine ya kuchagua korosho kwa rangi, ambayo ilikuwa imewekwa kwa saa ya kimataifa ya UTC, ikaandika 05:00. Zote tatu zilisema kweli kuhusu dakika ile ile. Usiku ndipo mambo yalipoharibika hasa, kwa kuwa mzigo uliotoka tanurini saa 7 usiku wa kuamkia Jumanne uliandikwa Jumatatu na mzee, Jumanne na tanuri, na mashine ya rangi nayo ikauweka Jumatatu saa 22:00, hata mhasibu akawa anaona mizigo miwili pale ulipokuwapo mmoja.

Nilimwendea mzee nikiwa na wazo la kumtaka abadilishe uandishi wake. Aliniambia, "Mwanangu, zamu yangu ni usiku mmoja, mimi siwezi kuukata katikati." Nilipotafakari niliona ana haki. Basi tukakubaliana kwamba data zote zitunze wakati kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, siku, saa, na tofauti ya saa tatu ya Afrika Mashariki ikiandikwa wazi, kwa mfano 2024-11-18T14:30:00+03:00. Skrini ya mzee itaonyesha saa nane na nusu mchana, naye ataendelea kuhesabu kwa zamu.

Tanuri linatumia itifaki ya Modbus, yaani kanuni za mashine kuwasiliana, ambayo ni ya mwaka 1979 na hupeleka namba kwa rejista, yaani visanduku vidogo vya kumbukumbu, za biti 16 bila kusema namba hiyo ni ya nini. Siku ya kwanza nilisoma joto lisilowezekana duniani. Namba yenye desimali hukaa katika rejista mbili, na watengenezaji hawakubaliani ni ipi itangulie. Nilipozibadilisha nafasi nilipata nyuzi 70 na kitu, kama kipimajoto cha mkononi. Mashine ya rangi, ambayo ni mpya zaidi, inatumia OPC UA, itifaki nyingine ya mashine za viwandani, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sasa nalidai kwa kila chombo: thamani huja pamoja na wakati wake na hali yake, kwamba ni nzuri, ina shaka au ni mbovu. Kabla ya hapo waya wa kihisio ukikatika, mfumo ulipokea sifuri na kuichanganya katika wastani wa joto. Sasa kipimo kilichokosekana huandikwa kuwa kimekosekana.

Kompyuta ndogo niliyoiweka karibu na boila hutafsiri lugha zote hizi kuwa ujumbe wa aina moja katika JSON, muundo wa maandishi ambao kila thamani huandikwa pamoja na jina lake, na kuutuma kwa MQTT, itifaki iliyobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mawasiliano ni haba. Intaneti ikikatika, ujumbe hupanga foleni hadi irudi.

Mhasibu simpelekei joto la kila sekunde. Viwango vya ISA-95, vinavyohusu kuunganisha mifumo ya kiwandani na ya ofisini, hutenganisha ngazi za mashine na ngazi ya biashara, nami naona utengano huo ni wa lazima, kwa maana ofisi inahitaji kujua kwamba mzigo fulani umekamilika, uliingia na kilo ngapi, umetoka na kilo ngapi za kila daraja, na kwa zamu ipi. Namba ya mzigo hutolewa mara moja tu, kwenye mzani wa mapokezi, na huufuata hadi kwenye boksi.

Msimu uliopita mzani wa kufungashia uliharibika, tukaleta mwingine wa mtengenezaji tofauti, unaotoa gramu. Nilibadilisha mstari mmoja katika jedwali la tafsiri asubuhi, kabla ya zamu kuanza, na mhasibu alifunga hesabu za siku ile bila kujua kwamba mzani umebadilishwa.