Nipe kitenzi chenye mtu ndani yake

Nilichagua somo la drama kwa sababu halikuwa na hesabu. Waliolipenda jukwaa kwa dhati darasani mwetu walikuwa wawili tu. Sisi wengine kila mmoja alikuwa amekimbia kitu. Tulidhani wiki ya kwanza tutavalishwa maleba, tujipake rangi usoni, tupige kelele. Muhula mzima ukaisha hatujagusa hata kofia. Tulikuwa tunatembea. Tembea kama mtu anayechelewa. Haya, sasa tembea kama aliyekwisha chelewa. Nilidhani mwalimu anatupotezea muda, mpaka siku nilipomtazama mwenzangu akifanya ya pili na kuona mabega yake yameshuka: hakuwa na haja ya kukimbia tena.

Mambo ya jukwaani yenyewe tulijifunza kwa kugongana. Kushoto kwa jukwaa ni kushoto kwa mwigizaji anayeitazama hadhira, kwa hiyo aliyekaa kitini huuona upande huo kulia kwake. Rahisi ukiandika. Jaribu ukiwa umebeba meza.

Lakini nilichotaka kueleza ni habari ya vitenzi.

Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kutunga onyesho fupi kwa makundi. Letu lilikuwa la ndugu wawili: kaka aliyeondoka nyumbani bila kuaga, na dada anayemfungulia mlango baada ya miaka. Mimi nilikuwa dada. Neno langu la kwanza lilikuwa moja tu: "Ingia." Kila mstari ulitakiwa uandikiwe kitenzi pembeni, yaani mhusika anafanya nini anaposema maneno hayo. Nikaandika "kusikitika", nikajiona nimemaliza.

Mwalimu akasoma, akanirudishia daftari. "Hapo unasikitika peke yako. Kaka yako yuko wapi kwenye hicho kitenzi? Nipe kitenzi chenye mtu ndani yake."

Sikumwelewa hadi alipoandika ubaoni: kumkaribisha, kumtisha, kumbembeleza, kumwadhibu. Akaizungushia duara ile "m" katika kila kimoja. Miaka yote nimesoma sarufi, viambishi vya yambwa, vile vinavyoonyesha anayetendewa, nimevichambua hadi nikachoka, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba herufi moja inaweza kubeba onyesho zima. Kusikitika, kuona haya, kufurahi: hivyo unaweza kuvifanya umejifungia chumbani. Kumwadhibu kunamhitaji mtu, na kunakulazimisha umtazame uone kama adhabu imemfika.

Wazo hili si lake peke yake. Stanislavski, mwongozaji wa Kirusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, alisisitiza kwamba mwigizaji ajiulize mhusika wake anataka nini na anatenda nini ili akipate. Hata jina "drama" lenyewe linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutenda. Hayo tuliyasoma kwenye nadharia, pamoja na vinyago vya Wagiriki, korasi (lile kundi linaloimba na kusema kwa pamoja), na jinsi Sophocles, mtunzi wao wa tamthilia, alivyoongeza mwigizaji wa tatu, kama anavyosimulia Aristotle. Nilipenda sana hilo la mwigizaji wa tatu. Wawili wakibishana, yupo mmoja anayesikia.

Basi nikajaribu "Ingia" ya kumkaribisha. Ikatoka kama tangazo. Nikajaribu ya kumjaribu, ya kumdharau. Nilipofika kwenye kumwadhibu, mwenzangu alisimama kizingitini akashindwa kuinua mguu, na haikuwa imepangwa. Tukaichukua hiyo. Tukaifanyia mazoezi wiki tatu.

Siku ya mtihani wa vitendo, mtahini amekaa mbele na kalamu yake, mlango ukafunguliwa, nikamwona mwenzangu anatokwa jasho, midomo inacheza bila sauti. Nilijua palepale: mistari yote imemtoka. Ningemwadhibu wa nini, tayari alikuwa ameadhibiwa. Nikakaa kimya. Nikahesabu moyoni hadi nne, ambayo jukwaani ni sawa na mwaka. Halafu nikasema "Ingia" polepole, nikasogea pembeni kumpisha. Akaingia, akaketi, akavuta pumzi, mistari ikarudi.

Kwenye karatasi ya nadharia kulikuwa na swali: eleza uamuzi mmoja ulioufanya kama mwigizaji na athari yake kwa hadhira. Nilijaza ukurasa mmoja na nusu kuhusu neno moja.

Lile daftari bado ninalo. Pembeni ya "Ingia" kuna vitenzi vitano. Vinne vimekatwa kwa kalamu nyekundu. Cha tano niliandika jioni ile baada ya mtihani, kwa penseli: kumngoja.