Kimara Niliyoikuta

Niliondoka Dar mwaka 2009, enzi mabasi ya mikoani yanaanzia stendi ya Ubungo na daladala za Kimara watu wanaingilia madirishani. Mwaka jana nimerudi kabisa kutoka Birmingham, Uingereza, nilikokuwa nahudumia wazee. Stendi imehamia Mbezi Luis, pale Ubungo magari yanapita juu ya daraja la Kijazi, na watu wa Kimara wanakwenda Kivukoni kwa mabasi ya mwendokasi. Hayo nilishayaona kwenye simu. Kilichonishtua ni shikamoo. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikiamkia watu mtaani. Sasa vijana wenye ndevu wananiamkia mimi, na wengi niliokuwa nikiwaamkia wako makaburini.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nalala mchana, silali usiku, nikiguswa kidogo machozi. Ndugu wakashangaa: umerudi kwenu, una nini tena?

Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1955 mwanasosholojia Sverre Lysgaard alichapisha utafiti kuhusu watu wa Norwei waliopata ufadhili wa kwenda Marekani: furaha ya mwanzo, kisha kushuka moyo, kisha kuinuka. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza kwamba anayerudi kwao hushuka mara ya pili. Wapo waliowapinga baadaye, maana si kila mtu huanza na furaha. Wengine huumia zaidi siku za kwanza kabisa. Kwangu mimi, kushuka kwa pili ndiko kubaya. Ukienda ugenini unajiandaa, unajua baridi ipo na lugha itakukwaza. Nani anajiandaa kwenda kwao?

Tena kuna msiba. Baba alifariki nikiwa huko, na makaratasi yangu hayakuniruhusu kusafiri. Maziko niliyatazama kwenye simu, kisha nikaingia zamu ya usiku. Wenzangu huku walilia pamoja, wakaanua matanga, wakasoma arobaini, wakagawana nguo zake. Nilipofika, chumba chake kilishapata mpangaji na kidonda chao kilishafunga. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza. Waliobaki walizoea kidogo kidogo, kila siku na sehemu yake. Mimi yote yalinifikia kwa pamoja, mlangoni.

Mama mdogo hakunipa nasaha. Aliniita barazani akaniambia, "Mwanangu, daftari la chama hili hapa. Mtunza hazina wetu amehamia Dodoma. Kaa nalo." Ni chama cha kuzikana cha mtaa wetu. Kukusanya michango kulinilazimu kupita nyumba kwa nyumba, nikajua nani anaumwa, nani kajifungua, nani hasemi na jirani yake. Na katika nyumba hizo ndimo nilimosimuliwa baba alivyoishi miaka yake ya mwisho: nani alimpeleka hospitali, nani alicheza naye bao jioni. Nililia kwenye viti vya watu, na hakuna aliyeniuliza nina nini. Usingizi ulirudi katika kipindi hicho.

Kwa hiyo ninyi mnaopokea ndugu Desemba hii, nawaomba: msimwulize anarudi lini, wala msimkalishe sebuleni na soda kama mkwe. Mpeni shughuli ya mtaa, hata ndogo. Kama kuna mtu alizikwa yeye hayupo, mpelekeni kaburini mapema, hata kama ninyi mlishamaliza kulia.