Siku moja na farasi wekundu wa Suffolk

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshavaa mabuti, na baridi ya Aprili inauma vidole. Mimi ni mtu wa Tanga, ila huu ni mwaka wa sita nahudumia farasi wa kazi katika shamba moja huku Suffolk, mashariki ya Uingereza. Nyumbani bado wananiuliza nafanya kazi gani hasa.

Hadi saa mbili ni nyasi, maji, kuzoa mavi, kupiga brashi.

Saa tatu namfunga jike wetu mkubwa kwenye haro, ile zana ya kuvunjavunja na kusawazisha udongo. Ana karibu tani moja; akikuegemea kidogo tu pumzi zinakatika. Lakini nikimwambia "haya mama", kwa Kiswahili, anainua mguu mwenyewe. Chini ya goti hana manyoya marefu. Udongo wa huku ni mfinyanzi, unanata kama ugali mbichi, na wakulima wa zamani walichagua mbegu isiyobeba matope. Napangusa kwa kiganja mara moja, mguu safi.

Saa nne na nusu akaja mgeni. "Huyu si farasi halisi wa kazi. Manyoya ya miguuni yako wapi?" Nikamwambia, mzee, hao unaowasema ni Shire, mbegu nyingine ya farasi wa kazi; huyu ni Suffolk Punch. Akauliza, mbona wote wana rangi moja? Nikamweleza kwamba wote huwa wekundu, wekundu wa namna saba, na kwamba kwa upande wa baba wote walio hai leo wanatokana na dume mmoja aliyezaliwa 1768. Akacheka. "Si mnunue trekta tu?" Hapo nilichomwa. Trekta ndiyo iliyowamaliza: mwaka 1966 walioandikishwa ni watoto tisa tu, nchi nzima! Nilimweleza hilo pia, huku jike amesimama na jasho linampoa, nami nikihofia misuli itakaza. Dakika arobaini. Mwishowe nikamfunika blanketi, nikaomba radhi, nikarudi shambani.

Mchana sikumbuki saa. Nilikuwa nyuma ya haro, kwenda na kurudi, hadi magoti yakagoma. Yeye hakugoma.

Jioni nikapita kwa jike mwenzake, mwenye mimba. Nikaweka taa karibu: kwenye ncha za chuchu kuna matone ya nta. Basi mtoto hayuko mbali. Nimeshatandika godoro langu nje ya banda lake, na chai iko kwenye chupa.