Katamarani ya mbao za Mufindi

Katamarani ninayoijenga nyumbani hapa Mafinga ni mashua yenye bodi mbili zinazokaa sambamba, za vipande vyembamba vya msindano kutoka shamba la miti la Sao Hill, nilivyovipiga randa na kuvigandisha ubavu kwa ubavu juu ya fremu za muda zinazoipa kila bodi umbo lake. Mbao ni kiini tu. Nguvu kubwa hutokana na kitambaa cha faibaglasi kinacholowekwa epoksi (gundi ya kemikali inayokauka na kuwa ngumu) ndani na nje, na ndiyo maana nachagua mbao nyepesi, zilizokauka vizuri na zisizo na vifundo.

Baridi ya Juni na Julai ndiyo inayohitaji uangalifu. Epoksi huwa nzito kama asali na hukawia kukauka, kwa hiyo kabla ya kuichanganya naweka makopo yake, yakiwa yamefungwa barabara, katika beseni la maji ya vuguvugu. Kitambaa nakilaza alasiri, joto linapoanza kushuka, kwa kuwa ubao unaozidi kupata joto hutoa hewa inayoacha viputo chini yake. Hatua hii naipenda kuliko zote: kitambaa cheupe kikilowa, hupotea machoni na mishipa ya ubao ikaonekana wazi.

Bodi zitasafirishwa kwa lori zikiwa zimetenganishwa, na mihimili ya kuziunganisha itafungwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.