Usiku Tuliolalia Mto

Dada yangu mkubwa alipostaafu kazi ya uhasibu, sisi wadogo zake tulimwuliza angependa tumzawadie nini, naye akajibu papo hapo kwamba anataka kulala usiku mmoja ndani ya nyumba ya barafu. Tulicheka, tukidhani ni mzaha wa mtu aliyefunguliwa kutoka katika mahesabu, kumbe alikwisha kulichunguza jambo hilo kwa makini yale yale aliyokuwa akiyatumia kukagua vitabu vya fedha. Alijua jina la kijiji, jina la mto, na mwezi ambao giza la mchana kutwa limekwisha kuondoka huku baridi ikiwa bado haijalegea. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na nafasi, na kwa kuwa ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wengine kwamba huo ni wazimu, niliteuliwa kumsindikiza.

Hivyo ndivyo tulivyojikuta, mwezi Februari mwaka 2019, katika kijiji cha Jukkasjärvi, karibu na mji wa Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi, yapata kilomita 200 ng'ambo ya Duara ya Aktiki. Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi ya kwenye vidole na masikio, lakini hakuna aliyekuwa amenionya kuhusu pua. Tuliposhuka garini nilivuta pumzi moja ya kawaida, na vinyweleo vya ndani ya pua vikaganda palepale, vikasimama kama miiba, kisha vikalainika nilipoitoa pumzi hiyo. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 27 chini ya sifuri. Dada yangu alikisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyekuta hesabu zimelingana, akasema, "Basi hawakutudanganya."

Hoteli yenyewe, kwa mbali, haikuvutia hata kidogo. Ilionekana kama msururu wa vichuguu vyeupe vilivyolala kando ya mto Torne, na laiti si mlango wake uliofunikwa kwa ngozi za reinidia, wale kulungu wa nchi za baridi, ningeipita nikidhani ni theluji iliyokusanywa na matrekta. Uzuri wake wote uko ndani. Hata asili yake ilikuwa ya bahati: mwishoni mwa miaka ya 1980 kijiji hicho kilikuwa kikipata wageni wakati wa kiangazi tu, ndipo Yngve Bergqvist, aliyekuwa akiendesha shughuli za utalii mtoni, alipofikiri kwamba baridi na giza, vitu ambavyo wenyeji waliviona kuwa kikwazo, huenda ndivyo vya kuuza. Lilijengwa banda la barafu kwa ajili ya maonyesho ya sanaa, kisha wageni kadhaa wakaomba ruhusa ya kulala humo juu ya ngozi za reinidia. Tangu hapo jengo limejengwa upya kila majira ya baridi na kuachwa liyeyuke kila majira ya kuchipua, na lile tulilolikuta sisi lilikuwa la 29. Tangu mwaka 2016 ipo pia sehemu inayodumu mwaka mzima, ikipozwa wakati wa kiangazi kwa umeme wa jua, lakini dada yangu hakutaka hata kuisikia. Alitaka chumba ambacho hakuna mtu mwingine angekilalia mwaka unaofuata.

Tulifika mapema, na hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza. Vyumba vya barafu ni jumba la sanaa mchana kutwa, na hadi saa kumi na mbili jioni mtu yeyote aliyelipa kiingilio anaweza kuingia, kutazama na kupiga picha, kikiwemo chumba ulichokilipia wewe. Tulisimama kwa adabu mwishoni mwa foleni ya watalii ili tukione chumba chetu, na mama mmoja mwenye kamera kubwa alituomba tusogee kidogo kwa sababu tulikuwa tumeuziba mwanga wa kitanda. Tukasogea. Sikuwahi kabla ya siku ile kuombwa radhi, na mimi kuomba radhi, mbele ya kitanda ambacho ningekilalia baada ya saa chache.

Kuingojea jioni hiyo, hata hivyo, kulitupa nafasi ya kutazama vizuri, na kulikuwa na mengi ya kutazama. Kuta na dari za jengo si barafu bali ni mchanganyiko wa theluji na barafu unaorushwa kwa mashine juu ya kalibu za chuma zenye umbo la tao. Mchanganyiko ukishakauka na kuwa mgumu, kalibu huondolewa, na tao hujishikilia lenyewe. Barafu halisi ndiyo hutumika kwa nguzo, vitanda, sanamu na madirisha. Hukatwa mtoni wakati majira ya baridi yanapoelekea ukingoni, kwa vipande vikubwa kama makabati, na kuhifadhiwa katika ghala lenye ubaridi hadi Novemba, kwa hiyo kitanda chetu kilikuwa maji ya mwaka uliotangulia. Kwa kuwa maji ya Torne hayasimami, hupita chini ya barafu yakichukua viputo vya hewa kabla havijanaswa, na barafu hutoka angavu kiasi kwamba niliweka mkono nyuma ya nguzo moja na kuihesabu mistari ya glavu yangu kupitia upande wa pili. Mahali ilipokuwa nene iligeuka rangi ya samawati, kwani barafu humeza kidogo wekundu wa mwanga na kuuachia ubuluu upite. Wasanii kutoka nchi mbalimbali huomba kazi ya kuchonga vyumba hivyo, na wachache wanaochaguliwa hupewa takriban wiki mbili tu, wakijua kwamba kazi yao haitauona mwezi Juni. Kwenye ukumbi mkubwa ilining'inia thurea, taa kubwa ya darini, ya vipande vya barafu. Karibu na mlango uliwekwa mtungi wa kuzimia moto, nao ulimfurahisha dada yangu kupita sanamu zote.

Saa mbili usiku tulikusanywa, wageni wa usiku ule, tukafundishwa kulala. Nilidhani nalijua jambo hilo tangu kuzaliwa. Kijana aliyetufundisha alisema kwamba ndani ya vyumba joto hubaki kati ya nyuzi 5 na 8 chini ya sifuri hata kukiwa na baridi mara nne yake nje, kwa sababu theluji ni blanketi. Kwamba tuvae fulana na suruali nyembamba za sufu, wala si za pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho na jasho hugeuka baridi. Kwamba tufunike kichwa kwa kofia lakini tuiache pua na mdomo nje, maana mvuke wa pumzi ukiingia ndani ya mfuko wa kulalia huulowesha. Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi: "Mfuko haukupashi joto. Wewe ndiye unayeupasha." Kwa hiyo mtu anayepanda kitandani huku akitetemeka atatetemeka hadi asubuhi, na dawa yake ni kuruka-ruka kwanza mpaka damu ichemke. Mizigo yote ilibaki katika jengo la kawaida lenye joto, pamoja na vyoo, kwa kuwa vyumba kama chetu havina choo. Havina mlango pia. Vina pazia tu.

Nilimtazama dada yangu, mwanamke aliyeishi maisha yake yote akifunga milango kwa kufuli mbili, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, tumesafiri kote huku ili tukose mlango na choo?"

"Ndiyo," akasema. "Mlango na choo ninavyo nyumbani."

Nakiri kwamba jibu hilo lilinikera, kwa sababu sikuwa na la kulijibu. Safari za anasa nilizozijua zilikuwa zile za kumwondolea mtu kila usumbufu hadi asijue tena yuko nchi gani: mto laini, maji ya moto, mtu wa kukubebea begi. Hapa tulikuwa tumelipia usumbufu mmoja ulioandaliwa kwa uangalifu mkubwa, na watu waliokuwa wakituhudumia walikuwa na ustadi wa kuuhakikisha unatufika bila kutudhuru. Sijui kama hiyo ni anasa au ni jina jingine la kitu kingine. Najua tu kwamba niliruka-ruka mbele ya kitanda cha barafu, katikati ya usiku, nikiwa na nguo za ndani za sufu na kofia kichwani, na dada yangu akinihesabia.

Kitanda kilikuwa gogo kubwa la barafu lenye godoro juu yake, na juu ya godoro ngozi za reinidia, ambazo nywele zake zina hewa ndani na kwa hiyo hazipitishi baridi. Nilijitumbukiza mfukoni, nikafunga zipu, nikazima taa. Nilichokutana nacho kilikuwa kimya ambacho sikuwahi kukisikia, kwa maana theluji humeza sauti, na kuta zile zilimeza hata sauti ya kukohoa kwa watu waliokuwa chumba cha jirani. Nilisikia damu ikipita masikioni. Kisha, baada ya muda mrefu, nikasikia dada yangu akicheka peke yake gizani.

"Nini?"

"Kichwa chako kimelalia mto," akasema, "na mto wenyewe umelalia mto."

Nilipoamka nilihisi ni alfajiri, kumbe ilikuwa saa tisa usiku, na sababu ya kuamka ilikuwa ile ambayo kila mgeni wa pale huiogopa. Nilijilaza nusu saa nzima nikijadiliana na kibofu changu, kisha nikashindwa. Kwenda hakukuwa na taabu. Wakati wa kurudi nilikata kona mahali pasipostahili, nikajikuta katika njia ya mapazia yaliyofanana, kila moja likimficha mtu asiyenijua, na sikuthubutu kufunua hata moja. Nikatembea kuelekea mahali palipokuwa na mwanga, nikatokea ukumbini, chini ya thurea.

Mchana ukumbi ule ulijaa watu na simu zao. Usiku ule nguzo zilisimama peke yake, zikiwa na mwanga ndani yake, na sakafu ya theluji ililia chini ya viatu vyangu. Niliona mambo ambayo sikuyaona mchana: nyufa nyembamba ndani ya barafu zilizotawanyika kama mishipa ya jani, jani halisi, dogo, lililonaswa na mto na kugandia humo, alama za meno ya msumeno ambazo hakuna aliyejali kuzifuta. Katika benchi la barafu kando ya nguzo ya mwisho alikaa mtu amejifunika ngozi, na nilikwisha kupiga hatua ya kurudi nyuma nilipoitambua kofia yake.

"Sikujua kama umetoka," nikasema.

"Ulikuwa ukikoroma. Nimekuwa hapa tangu saa nane." Akanisogezea ncha ya ngozi nikae. "Nilitoka kwanza kuitazama ile mianga ya kijani ya angani."

"Umeiona?"

"Mawingu matupu."

Aurora ndiyo huwapeleka watu wengi Kiruna, na nilidhani angesikitika, lakini alilisema neno hilo kama anayetaja kiasi kidogo kilichopungua katika hesabu kubwa. Tukakaa. Aliniambia kwamba kwa miaka yake yote ya kazi alikuwa akifunga vitabu kila mwisho wa mwezi na kuvifungua tena siku iliyofuata, vilevile, na kwamba alipoisikia kwa mara ya kwanza habari ya nyumba inayojengwa kwa ufundi wote huu na kisha kuachwa iende zake, alitaka kuwaona watu wanaoweza kufanya hivyo. Sikumwuliza kama amewaona. Mikono yangu ilikuwa imeanza kufa ganzi, na yeye, ambaye alikuwa amekaa pale kwa zaidi ya saa nzima, hakuonyesha dalili ya kutaka kuondoka. Hatimaye ndiye aliyenirudisha chumbani, kwa kuwa alikuwa amehesabu mapazia.

Asubuhi tuliamshwa na mhudumu aliyebeba vikombe vya kinywaji cha moto cha lingon, matunda madogo mekundu ya misitu ya kaskazini, makali kidogo. Ndimi zetu ziliungua na hatukujali. Baadaye tulikwenda sauna, na huko, katika joto lile kavu la mbao, ndipo nilipokubali ndani ya nafsi yangu kwamba sijawahi kulifurahia joto namna ile, ingawa sikumwambia dada yangu kwa kuwa angeniambia kwamba alikwisha kulijua hilo.

Tulipoondoka kila mmoja alipewa hati yenye jina lake na viwango vya baridi vya usiku ule: nje nyuzi 27, ndani nyuzi 5, zote chini ya sifuri. Dada yangu aliitoa kalamu yake mkobani, akaandika pembeni ya hati yake tofauti ya nambari hizo mbili, 22, akaizungushia duara.

Mwezi Mei alinipigia simu asubuhi moja nikiwa kazini, bila salamu.

"Mdogo wangu, kwa hesabu yangu kitanda chako kimefika Bahari ya Baltiki leo."

Nilimwambia kwamba mto hauendi kwa mwendo mmoja, na kwamba barafu haiyeyuki yote siku moja. Akasema anajua, na kwamba ameongeza siku nne za tahadhari.