Taa iliyokuwa inamulika migomba

Kuna kipindi biashara yangu ilikuwa maziwa. Saa 10 alfajiri napanda Kibosho, kule milimani juu ya mji wa Moshi, na pikipiki tupu, akina mama wanakusanyia kwa mama mmoja ambaye ndo nilikuwa nalipana naye, napakia madumu mawili ya lita 20 nayafunga na mpira huku na huku nyuma, saa 11 na robo naanza kushuka mjini kwa sababu wateja wangu wa Majengo wanataka maziwa kabla sufuria ya chai haijabandikwa, ukichelewa wameshachukua ya mwingine na wewe unabaki unatafuta nani anataka mtindi. Kwa hiyo safari yote giza, kwenda giza kurudi giza, na mwezi wa saba kule juu ukungu unashuka mpaka barabarani, kona nyingi, mfereji pembeni.

Globu iliyokuja na pikipiki ilikuwa imechoka, mwanga wa njano hafifu. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini akanifungia LED. Alifunga chapchap, akawasha mchana kweupe, akaniambia unaona hiyo mangi, jua lipo na bado inaonekana. Na kweli ilikuwa inawaka, hilo simkatalii.

Ila usiku wake sasa. Mwanga mwingi mweupe lakini hauko barabarani, uko juu kwenye migomba, naona majani vizuri kabisa mpaka yale yaliyochanika na upepo, afu shimo lililoko mbele ya tairi silioni mpaka nimeshaingia. Kwenye ukungu ndo balaa zaidi, mwanga unagonga ukungu unarudi machoni kwako mwenyewe, nikawa nazima kabisa LED natembelea vile vitaa vidogo vya pembeni. Na kila ninayekutana naye ananipigia fulu, ile taa kali ya mbali, mi najibu kwa kumwonyesha kwamba nipo dimu, yani ile ya chini ya kupishana, yeye anapiga tena, tunaendelea hivyo mpaka tunapishana kila mtu ana hasira zake.

Asubuhi moja nashuka na mzigo, Haisi inapanda kufuata abiria wa kwanza, dereva akasimama katikati ya kona kabisa, akashusha kioo. "We wa maziwa, unatuchoma macho kila siku, unataka tuingie shambani kwa watu?" Nikamwambia kaka nipo dimu hapa. Akasema kama hiyo ni dimu basi fulu yako itaangusha ndege ya KIA. Akaondoka. Konda wake akabaki anacheka mlangoni, na mi pia nilicheka nilipofika chini ila pale juu sikucheka.

Nilikuwa nakaa Pasua, hapohapo Moshi, na nyumba ya pili kutoka kwangu kuna babu mmoja aliyestaafu udereva wa malori, mzee wa safari za Kigali na Lubumbashi enzi zake. Jumamosi jioni akanikuta nimechuchumaa mbele ya taa na bisibisi. Shikamoo babu, marahaba, unafanya nini hapo. Nikamweleza. Akaangalia ukuta wa nyumba yangu, uani pale kuna sehemu tambarare ya saruji, akasema sogeza pikipiki, lete tepu, lete mkaa. Mke wangu aliposikia mkaa akatoka nje, maana ukuta ule ulikuwa na rangi mpya. Babu akamwambia mama usijali, mstari mmoja tu. (Haukuwa mmoja.)

Kwanza akanituma kuongeza upepo kwenye tairi zote mbili, anasema tairi ikiwa laini utapima uongo. Tukaweka pikipiki mita 5 kutoka ukutani, imenyooka, mi nimekaa juu yake kama naendesha, sio kwenye stendi. Akapima kutoka chini mpaka katikati ya taa, ilikuwa sentimita 90 na kitu, akachora mstari ukutani urefu huohuo, afu akachora mwingine sentimita 5 chini yake. Akasema dimu yako ukingo wake wa juu ukae kwenye mstari wa chini, yani kila mita moja mwanga ushuke sentimita moja, hapo hummuliki mtu usoni na bado unaona mbali.

Tukasubiri giza, nikawasha. Hakukuwa na ukingo wowote. Ukuta mzima mweupe, mpaka kwenye bati.

Babu akasema hapa usiguse bolti, kwanza toa globu. Tukafungua nyuma ya taa, tukaitoa, tukaiweka pembeni ya ile ya zamani ambayo nashukuru sikuitupa. Akanionyesha na ncha ya bisibisi: kwenye globu ya zamani, chini ya ule waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati, kazi yake ni kuzuia mwanga usipige nusu ya chini ya kile kioo kinachong'aa ndani ya taa, maana mwanga ukipiga chini kule unarushwa juu. Kwenye LED sasa, vile vidoa vya njano vinavyowaka vinatakiwa viangalie kushoto na kulia, na kikombe chake kiwe chini. Ya kwangu fundi kaifunga vidoa vinaangalia juu na chini. Yani ilikuwa inawaka vizuri tu, ila imelala upande. Ina pete yenye masikio matatu inayokaa kwenye tundu, na pete yenyewe inashikwa na kiskrubu kidogo sana, ukikilegeza unaizungusha globu ndani ya pete. Tukazungusha robo, tukakaza, tukarudisha.

Nikawasha tena, na hapo ndo niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye taa yangu: ukuta umekatika kama umepigwa rula, chini mwanga juu giza, na upande wa kushoto mwanga unapanda kidogo. Nikamuuliza babu mbona huku umepanda. Akasema sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kushoto ndo kuna watembea kwa miguu na mifereji, wa kulia ndo anakuja usoni kwako, huyo usimmulike. Akaanza kunihadithia Rusumo, ukivuka pale kuingia Rwanda unahamia kulia, na taa zako za Tanzania zinapanda kushoto vilevile ambako sasa ndo wanatokea wenzako, madereva walikuwa wanabandika tepu nyeusi kwenye kioo. Ndo maana anasema ukinunua taa ya mtumba iliyotoka Ulaya bara iangalie kwanza ukutani, zile zinapanda kulia.

Nikadhani tumemaliza. Babu akauliza, na maziwa je, si yanakaa hapo nyuma? Jaza madumu.

Nikajaza maji madumu mawili ya akiba, tukafunga nyuma, nikakaa. Ule ukingo wa mwanga uliokuwa umekaa vizuri ukapanda kama sentimita 15, nyuma imelala mbele imeinuka. Wakati huohuo mtoto wa jirani anachungulia getini anapiga kelele, baba fulani anaweka maji kwenye dumu za maziwa! Nilitoka nje kujieleza, jamani, biashara ya maziwa haivumilii maneno kama hayo.

Shokapu za nyuma zina ile pete yenye ngazi, nikapandisha ngazi mbili, mwanga ukashuka kidogo. Iliyobaki tukataka kumalizia kwenye bolti za taa, spana namba 10, taa ikainama mpaka bolti ikagota mwisho wa tundu lake na bado tunahitaji kama sentimita 6 ukutani. Hapo babu akaenda kwake akarudi na tupa, ile ya kusugulia chuma. Tukashusha taa nzima, tukalitanua lile tundu la kwenye bati likawa refu, taratibu, unasugua unajaribisha, vumbi la chuma kwenye vidole. Afu tukakata washa za mpira, vile vipete vya kuweka kwenye bolti, kutoka kwenye ndala iliyokatika, moja kila upande, ili bolti ishike bila taa kucheza kwenye mashimo.

Nilikuwa na swali moja, kwamba tukiipanga na mzigo, asubuhi napanda mtupu itamulika chini sana. Babu akasema ukipanda Kibosho unakwenda spidi gani? Kweli, mlima ule pikipiki inapumua tu, mita 20 zinakutosha, ukishuka na kilo 40 mgongoni ndo unahitaji kuona mbali. Nikakubali.

Asubuhi yake kushuka nikaona mfereji wote wa kushoto, na ukungu haukunirudia machoni kama zamani kwa sababu mwanga ulikuwa unapita chini. Haisi nikakutana nayo, sijui kama ni ileile, ikapita kimya.

Vijana wa bodaboda pale kijiweni wakasikia, jioni zikaanza kuja pikipiki uani kwangu, ukuta ukajaa mikaa mpaka mke wangu akasema wanunue rangi. Babu anakaa kwenye kiti chake, pesa hataki, ila kijana akija peke yake hampimii. Anamuuliza, abiria yuko wapi? Kama hana, anamrudisha barabarani akatafute mtu mwenye kilo zake.