Siku mume wa bibi alipokunywa uji wa lishe

Mwanangu wa kwanza alikuwa mtoto wa kucheua, na sisemi kile kitone cha kwenye kona ya mdomo, yani ananyonya anashiba unamweka begani unamcheulisha vizuri kabisa alafu nusu ya alichonyonya inarudi kwenye nguo yako. Nilikuwa nauza vitenge pale Mwanga, Kigoma mjini, na nilikuwa navaa vilivyopauka maana hakuna kipya kingemaliza siku. Majirani wananifariji, mtoto anayecheua ndo anayenenepa huyo. Wa kwangu hakunenepa. Kliniki uzito unapanda kwa kujivuta, mashavuni vipele, choo kina makamasi na siku nyingine vijidamu kwa mbali, mpaka nesi mmoja mtu mzima akaniuliza we mama unakunywa chai ya maziwa? Nikamwambia asubuhi na jioni. Akasema acha, maziwa ya ng'ombe unayokunywa yanamfikia mtoto kwenye ziwa lako, kunywa chai ya rangi tu, mtindi acha, hata maandazi ukinunua uliza kama yamekandwa na maziwa.

Nikaacha, choo kikatulia na ngozi ikatulia. Kucheua kukabaki, na dokta alishanieleza kwamba ule msuli unaofunga mdomo wa tumbo kwa kichanga bado legevu, wengi wanakaa sawa wakikaribia mwaka au wakivuka kidogo, nimlishe kidogo kidogo na akimaliza nisimlaze palepale.

Alipofikisha miezi 6 tukaanza na boga, limechemshwa likapondwa na uma, basi. Likakaa tumboni. Mwanamke aliyelea mtoto wa kutapika ndo anajua nikisema likakaa namaanisha nini, nilikuwa nakaa naye nimempakata wima naangalia ule mdomo.

Sasa ndo mama mkwe akaja na treni kutoka Tabora kumwona mjukuu, na mama mkwe wangu hasafiri mikono mitupu, kaja na dumu la asali ya huko kwao na mfuko wa unga wa lishe aliousimamia mwenyewe mashineni. Akamshika mtoto, akampima kwa mkono, akaniangalia.

"Mwanangu, huyu mume wangu mbona mwepesi hivi? Mnampa nini?"

"Boga mama, tunaenda nalo taratibu, tumbo lake linasumbua."

"Boga ni mboga hiyo. Mwanaume anataka uji."

Akapika mwenyewe, na niseme ukweli ule uji ulikuwa mzuri, mlaini, unanukia karanga hadi kwa jirani, na mtoto akaupenda kuliko boga, anafuata kijiko kwa mdomo wazi, bibi anacheka anamwambia unaona mume wangu, walikuwa wanakunyima. Asali alitaka kuweka nikamwambia mama hebu tuonje hivihivi kwanza, akakubali.

Kama saa mbili baadaye hivi nikasikia bibi ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mtoto alikuwa anatapika, na haikuwa kucheua, kucheua kunatiririka na mtoto anaendelea kucheka, hii ilikuwa inaruka, inarudia na kurudia mpaka yakaanza kutoka maji ya njano, alafu akawa mweupe midomoni na shingo imelegea. Sikumbuki nilifungaje mlango. Bajaji ilitupeleka hospitali, mama mkwe kapanda bila viatu.

Wakamwekea maji, na kupata mshipa kwa kitoto kile jamani tuyaache hayo. Alipoanza kupata rangi dokta akauliza alikula nini. Mi nikasema uji wa lishe. Akasema hilo ni jina, ndani kuna nini? Nikamgeukia mama mkwe, naye akahesabu kwa vidole: mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga. Dokta akaweka kalamu chini. Akasema mama, umempa vyakula vitano vipya kwa kijiko kimoja, tumbo likigoma tutamuuliza nani? Yeye alikuwa anashuku soya kwanza, kwa sababu watoto waliokataa maziwa ya ng'ombe baadhi yao na soya wanaikataa, ila hakutaka kukisia. Akatupangia kimoja kimoja, kila kipya tukae nacho siku 3 ndo tuongeze kingine, na kijaribiwe asubuhi siku ambayo hospitali wapo watu kazini, sio usiku wa Jumapili. Soya isirudi nyumbani mpaka wao waseme.

Mama mkwe akauliza, na asali? Akaambiwa hapana mpaka avuke mwaka, kuna vijidudu vinaweza kuwemo ambavyo mtu mzima havimfanyi kitu ila utumbo wa kichanga vinaweza kuota humo vikatoa sumu. Hapo alichoka kabisa. "Tabora nzima tumekua na asali," akasema, lakini alisema polepole, kwa kweli nilimwonea huruma maana alikuja na kitu bora alichonacho.

Na mi nilichompendea ni kwamba hakununa. Tuliporudi nyumbani yeye ndo akawa askari wa ile orodha, akija mgeni na biskuti anamkamata mlangoni. Mchele tulipoujaribu peke yake ukapita. Viazi vitamu vikapita, parachichi likapita, mgebuka alikuwa anamchambua miba yeye mwenyewe mara mbili mbili alafu anaweka na tone la mawese kwenye wali uliopondwa. Chungwa lilirudi lote, likafutwa.

Ule unga hatukuutupa. Baba mtoto aliunywa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na asali juu yake, na nikimwangalia kwenye picha za mwaka ule aliyenenepa kwa kile kikombe ni yeye.